Duka la Koma

Habari ya msiba ilimkuta Mwalimu akiwa amenyolewa nusu kichwa. Upande wa kushoto ulikuwa tayari, unang'aa kama yai. Upande wa kulia ulikuwa bado na nywele zake zote, pamoja na mvi alizozoea kuzipaka dawa nyeusi kila mwisho wa mwezi, akidhani watu hawajui. Simu ikalia mfukoni, chini ya shuka la kinyozi. Aliitoa kwa taabu. Alikuwa dada yake, binti wa shangazi yake.

"Mwalimu, uko wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi kaa hivyo hivyo. Mama ametutoka. Sasa hivi, dukani, kwenye kiti chake. Alikuwa anakata sabuni. Amekata kipande kimoja, akasema anapumzika kidogo. Ndiyo kapumzika."

Mwalimu hakukaa hivyo hivyo. Alisimama, akatoka, akavuka barabara, akapita katikati ya soko, shuka la kinyozi likimpepea mgongoni kama mwanasarakasi aliyepotezana na wenzake. Kinyozi alimfuata hadi mlangoni akiita, "Mzee! Mzee wangu! Kichwa bado nusu!" Watu wakacheka. Yeye hakusikia kitu. Alikuwa akiuona ule waya wa kukatia sabuni, wenye vishikio viwili vya mti, na mikono iliyokuwa ikiuvuta tangu yeye hajaota meno.

Aliyemzindua ni utingo wa basi. Alimtazama kushoto, akamtazama kulia, akauliza kwa heshima zote, "Samahani baba, hiyo ni staili?"

Basi lilikuwa linaondoka. Mwuza kofia wa stendi alikuwa amebakiwa na kofia moja tu ya kumtosha kichwa, ya sufu nzito, nyekundu, yenye kishada cha nyuzi utosini. Jua la siku ile lilikuwa la kuchemsha ubongo. Mwalimu akaivaa, akaivuta mpaka masikioni, akaingia ndani ya basi kwenda kumzika shangazi yake.

Mwalimu hakuwa mwalimu. Hilo lilikuwa jina la mtaani, na alilipata kwa dhihaka. Alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja kubwa ya mji mwingine. Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuziweka kwenye majalada na kuyapeleka kwa wenyewe. Lakini alijiongezea kazi ambayo hakuna aliyemtuma, nayo ni kusahihisha. Barua ikipita mikononi mwake na kosa, haikutoka bila alama ya kalamu nyekundu. Wenzake waliandika "asante" wakiwa wanatetemeka. Siku moja aliirudisha hata kadi ya harusi, kwa kuwa waliomwalika walikuwa wamesahau herufi "h".

Nyani haoni kundule, na la Mwalimu lilikuwa na urefu wa futi nane. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya bati jeupe na kupigiliwa misumari juu ya mlango wa duka la shangazi yake, kwenye kona ya barabara mbili za mji wao mdogo, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuliona. Lilikaa hapo miaka thelathini na moja. Masijala yote haikujua.

Duka lenyewe lilikuwa la zamani kuliko barabara ya lami. Lilianzishwa na mume wa shangazi, akamwachia mkewe pamoja na ujane akiwa bado kijana. Lilikuwa chumba kimoja chenye milango ya mbao ya kukunja, na kaunta ya mti mgumu iliyobonyea mahali pawili: pale ambapo wateja waliweka vitu vyao, na pale ambapo shangazi aliweka kiwiko chake cha kushoto. Nyuma yake zilipanda rafu mpaka darini. Kulikuwa na viberiti, chumvi, nyuzi za rangi zote, vifungo kwenye mitungi ya kioo, betri, madaftari, nyembe, tambi za taa ambazo hakuna tena aliyekuwa na taa zake. Mizani ilikuwa ya sahani mbili za shaba, na mawe yake yalipangwa kwa ukubwa kama watoto wa familia moja waliopanga mstari kupigwa picha. Duka zima lilinuka sabuni ya mche, majani ya chai na mafuta ya taa, na mtu akitoka humo, hata kama hakununua kitu, mkewe alijua alikopitia.

Barazani, chini ya kibao, alikaa fundi cherehani. Alikuwa amepewa nafasi hiyo na shangazi kwa wiki moja, mpaka apate chumba. Alikuwa hajakipata bado.

Sasa habari ya kibao.

Mwalimu alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Mwandiko wake ulisifiwa tangu darasa la tatu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusifu. Shangazi akaona kwamba duka halina jina. Watu walisema tu "pale kwa mjane". Akanunua bati, kopo la rangi nyekundu na brashi, akamwita mtoto wa kaka yake.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Niandikie DUKA LA KONA. Herufi kubwa, mtu aone akiwa mbali."

Kijana akachukua chaki, akachora mistari, akapima kwa rula, akarudi nyuma hatua tatu na kufumba jicho moja kama alivyoona mafundi wakifanya. Watu wakaanza kukusanyika. Fundi cherehani, ambaye siku hizo alikuwa na wiki mbili tu barazani, akasema, "Jamani, huyu hakusoma, huyu alizaliwa na brashi!" Mwingine akasema, "Tazama hiyo D. Kama imepigwa chapa." Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kivikwe vizuri. Alipofika kwenye herufi ya tatu ya neno la mwisho alikuwa haangalii bati tena. Alikuwa akiangalia nyuso za watu, na mkono ukaendelea wenyewe. N ina miguu mitatu, mmoja wa mshazari. Mkono ukaongeza wa nne, kwa furaha tu.

Hakuna aliyeona. Waliokuwa wanasifu walikuwa wanasifu rangi. Kibao kikapigiliwa misumari Jumamosi jioni, kijana akalala usingizi wa mashujaa.

Jumapili shangazi alirudi kutoka kanisani, akakuta kundi la watu mbele ya duka, wote vichwa juu. Akasimama katikati yao na Biblia yake kwapani, akasoma kwa sauti, polepole, kwa sababu yeye hakuwa msomi.

"Duka… la… Koma."

Akarudia. Kisha akamgeukia mpwa wake, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta nyufa za kuingia ardhini.

"Mwanangu, nimekutuma kona, umeniletea amri. Nani akome?"

"Shangazi, brashi…"

"Brashi imekwenda shule?"

"Rangi ilikuwa nyepesi, ikasambaa…"

"Ikasambaa ikaota mguu?"

Na hapo shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, Biblia mapajani, anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Mwalimu akaapa kwamba angekirekebisha kibao kesho yake. Lakini kesho yake rangi ilikuwa imekwisha. Na mtondo wake alikuwa amechelewa, kwani mama mmoja alikuwa amempigia kelele mwanawe barabarani, "Kimbia Koma ukaniletee chumvi!" Jina likatoka mlangoni, likaingia mdomoni mwa watu, na huko hakuna brashi inayofika.

Shangazi alijua kulitumia kosa lile kuliko mwenye kulifanya. Mtu akija kaunta na umbea, akainama, akaanza, "Mama, umesikia ya jirani yako?", shangazi hakujibu. Aliinua kidole tu kuelekea juu ya mlango.

"Kimeandikwaje pale?"

"Koma."

"Haya. Nikupimie nini?"

Walevi walioneshwa kidole hicho. Wanafunzi waliopigana barazani waliamriwa wasome kibao kwa pamoja, mara tatu, kwa sauti. Mume mmoja aliyemfukuza mkewe mpaka dukani, ngumi juu, alikuta kidole kimeshainuka. Akasoma, akasimama, akashindwa aweke wapi ile ngumi, mwishowe akanunua kiberiti. Watu walisema duka lile limeokoa ndoa nyingi kuliko kamati ya usuluhishi. Na yeye mwenye duka wakamwita Mama Koma. Basi lilipoanza kupita mjini, utingo aliita "Koma hapo, shuka!" na waliokuwa wageni walidhani wanakaripiwa.

Kila mtu alicheka isipokuwa Mwalimu. Hapo ndipo walipompa lile jina. "Shikamoo Mwalimu," walimwambia wakubwa wake, wakubwa wa kuamkiwa na yeye. Matokeo ya mtihani yalipotoka, na Kiswahili amepata alama ya juu kabisa, mtaa mzima ulicheka upya. Akapata kazi mji mwingine, akaenda, na kila aliporudi alimwambia shangazi jambo lilelile.

"Shangazi, safari ijayo nakuja kukirekebisha."

"Njoo tu, mwanangu. Hata usipokuja na rangi, njoo."

Lakini safari zikawa chache. Mwanzoni kila mwaka, kisha kila miaka miwili, kisha misiba na harusi peke yake. Alisema ni kazi. Ukweli ni kwamba hakuweza kupita chini ya ile M. Tumaini lake lilikuwa jua na mvua. Aliamini rangi itachujuka siku moja, bati litabaki jeupe, na yeye atarudi kama mtu mzima mwenye heshima zake. Cha ajabu, kila aliporudi rangi ilikuwa inawaka kuliko mara ya mwisho. Mwalimu alikilaani kiwanda kilichoitengeneza. Akisali aliomba toba kwa laana hiyo, lakini akiamka aliirudia.

Ndiyo huyo aliyeshuka kwenye basi, saa nane mchana, na kofia ya sufu, jasho likimchuruzika mashavuni. Waombolezaji waliomwona walidhani ni machozi, wakamwonea huruma. Hakuwasahihisha.

Shangazi alikuwa amelazwa nyumbani, nyuma ya duka, na wanawake wanaimba taratibu. Mwalimu aliingia, akasimama pembeni ya kitanda. Shangazi alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Kidole chake cha shahada, kile cha kuinuliwa, kilikuwa kimelala juu ya kingine kama vidole vya watu wote. Akaomba, kimoyomoyo, na ombi lake halikuwa na sarufi yoyote.

Dada alimkuta barazani baadaye. Dada huyu alikuwa amemzidi miaka mitatu na maneno elfu tatu.

"Vua kofia, tukuone."

"Nina mafua."

"Mafua ya sufu? Haya. Sikiliza, mama ameacha maneno, na mchungaji ni shahidi. Duka ni langu, mizani ni yangu, kiti ni changu ingawa leo siwezi kukitazama. Wewe umeachiwa hiki."

Akaingia dukani, akainama chini ya kaunta, akatoa kopo la rangi lililoviringishwa gazeti, na brashi iliyooshwa vizuri, nywele zake zimefungwa uzi zisitawanyike. Mwalimu alikuwa, Mungu amsamehe, amewaza ndani ya basi kuhusu urithi. Aliwaza mizani ile ya shaba ingependeza vipi sebuleni kwake. Akapokea kopo.

"La nini hili?"

"Unafikiri rangi gani inakaa miaka thelathini juani? Kila mwaka mvua zikiisha, alipanda ngazi na kopo hilo. Mama yangu, na magoti yake yale! Anafuata herufi zako mstari kwa mstari, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Akifika kwenye M anaupaka mguu wa ziada mara mbili. Nikimwambia mama, si umrekebishie tu mtoto wa watu, anasema, 'Herufi za mwanangu siziharibu.'"

Mwalimu alikitazama kibao. Alikitazama kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza bila kuinamisha uso.

"Na kuna neno la mwisho," Dada akasema. "Alisema, 'Msalaba wangu aandike Mwalimu. Na asisimamiwe na mtu.'"

Fundi cherehani, aliyekuwa akisikiliza huku anajifanya anatunga uzi, akaangusha sindano.

"Mola atusitiri," akasema.

Sasa Mwalimu alijua hofu. Kibao cha duka kilikuwa aibu yake yeye. Lakini msalaba? Msalaba ungesimama juu ya shangazi mpaka siku ya ufufuo, na akikosea, malaika wangemwita mama yule kwa jina lisilo lake kwa sababu ya karani mmoja wa masijala. Alikwenda kwa seremala, akauchukua msalaba uliokwisha kupakwa rangi nyeupe, akaulaza juu ya meza ya duka. Akamwomba Dada kitambulisho cha marehemu na cheti cha ubatizo. Akavilinganisha. Majina matatu. Akayanakili kwenye karatasi, akahesabu herufi, akahesabu miguu ya kila herufi, akaandika idadi yake pembeni. Akachora kwa penseli. Akafuta. Akachora. Akasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akaugeuza msalaba juu chini, akausoma hivyo pia. Fundi cherehani alichungulia dirishani mara nne, na kila mara alifukuzwa.

"Nimekuja kuona tu kama unahitaji chai."

"Sihitaji."

"Au mkasi?"

"Fundi, kimeandikwaje pale juu?"

"Koma," akasema fundi, akaondoka anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Mwalimu kukitumia kibao kile, na kilifanya kazi.

Jua lilipokuwa linashuka alikuwa amemaliza. Majina matatu kamili, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Mtaa mzima ulikuja kukagua. Walipanga foleni, kila mmoja anainama, anasoma kwa kidole. Walikuwa wanatafuta kosa, na Mwalimu alijua wanalitafuta, akasimama pembeni kifua mbele. Fundi alisoma mara tatu, akavaa miwani, akasoma mara ya nne.

"Hauna kosa," akatangaza, kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu.

"Hakuna," akasema Mwalimu. Na usiku ule, ijapokuwa ni usiku wa msiba, alilala usingizi ambao hakuulala tangu Jumamosi ile.

Ibada ilikuwa asubuhi. Kanisani wanaume huvua kofia. Kwa hiyo Mwalimu aliamua kwamba lazima abaki mtu wa kuulinda msalaba, akakaa nje, chini ya dirisha. Kinyozi wa mji ule angeweza kumwokoa, lakini alikuwa mmoja wa wachimba kaburi. Kutoka dirishani alimsikia mchungaji akisema kwamba wamejiuliza miaka mingi maana ya lile neno la dukani, na kwamba katika maandishi kuna alama mbili, nukta na koma. Nukta ni mwisho. Ukiona koma, vuta pumzi, maneno yanaendelea. "Dada yetu huyu," mchungaji akasema, "Bwana amemwekea koma." Watu wakaitika amina kwa nguvu. Mwalimu naye akaitika, nje, peke yake. Kisha akakereka kidogo kwamba mtu amevuna mahubiri mazuri namna ile kutoka kosa lake bila kumtaja.

Makaburi yalikuwa mbali kidogo na mji, na siku hiyo kulikuwa na mazishi mawili. Mwalimu alitangulia mbele ya jeneza, msalaba mikononi, maandishi mbele watu wayasome. Langoni palikuwa na umati wa watu wa vijijini, waliotoka kwao alfajiri kwa miguu na baiskeli, wamekaa kwenye majani na maua yao. Walipouona msalaba unakuja, walisimama kwa heshima. Bibi mmoja mwenye fimbo akamshika kijana aliyekuwa karibu yake, akamwambia amsomee. Akasomewa majina matatu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kiungwana.

"Poleni, wanangu. Mungu amlaze pema," akawaambia, akasogea pembeni awapishe. Na wale wengine wote wakasogea, wakawapisha, kisha wakaketi tena kwenye majani.

Walipofika kaburini, mchungaji alifungua kitabu, akainua macho, akashangaa. "Watu wako wapi? Mama huyu watu wake ni hawa tu?"

Dada akageuka akatazama langoni. Akarudi huko mwenyewe, kwa haraka, na Mwalimu akamfuata, msalaba mikononi.

"Bibi, mbona hamwingii?"

"Aa, sisi siyo wa huyo, mwanangu," akasema yule bibi. "Tumesoma msalaba wake. Huyo hatumfahamu, maskini, tumewapa pole. Sisi tunamngoja Mama Koma. Mnajua watamleta saa ngapi?"

Dada alimgeukia Mwalimu. Mwalimu alisubiri yale maneno elfu tatu. Yalikuja machache.

"Umemfanya mama yangu mgeni kwenye kaburi lake."

Mwalimu aliutazama ule msalaba. Herufi zote zilikuwepo. Miguu yote ilikuwa sahihi. Na watu zaidi ya mia walikuwa wamekaa nje ya lango, kwa sababu yake, wanamngoja mtu aliyekwisha kupita mbele yao.

Fundi cherehani akatokea na mfuko wa nguo begani. Humo akatoa kopo lililoviringishwa gazeti, na brashi.

"Nililibeba," akasema. "Nilijua tu tutalihitaji. Sikujua kwa kosa gani."

Pale langoni hapakuwa na meza. Mwalimu aliulaza msalaba chini, lakini ardhi ilikuwa na unyevu chini ya majani, na mkono mmoja wa msalaba uligusa tope. Alitazama huku na huku apate kitu cha kuuinulia. Hapakuwa na jiwe. Akavua kofia, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mkono wa msalaba, kishada kikatokeza upande mmoja. Kisha akapiga magoti mbele ya umma wote, na jua likamulika upande wake wa kushoto.

Halafu bibi mwenye fimbo akauliza, "Huyu ndiye aliyeandika kile kibao?"

"Ndiye," akasema Dada.

"Ee. Hata kichwa hakukimaliza."

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja, kikatambaa, kikaenea mpaka kwa wachimba kaburi. Dada alicheka akiwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka, kama mama yake siku ile kwenye ngazi. Mwalimu hakuinua uso. Alichovya brashi, akaikung'uta ukingoni mwa kopo. Hakuchora kwa penseli, hakupima. Chini ya majina matatu akaandika MAMA KOMA, na alipofika kwenye M ya mwisho akaupaka mguu wa ziada mara mbili.

"Ni huyu!" watu wakaambiana. "Kumbe ndiye huyu!" Wakaokota maua yao, wakaingia.

Alizikwa saa sita kasoro. Mchungaji alisoma sala fupi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na wazee walikuwa wamesimama. Wanaume sita walilishusha jeneza kwa kamba mbili, na kinyozi akiwa ndani ya kaburi akalipokea na kuliweka sawa. Dada alitupa udongo wa kwanza. Mwalimu akatupa wa pili, kisha fundi cherehani, kisha wale wa vijijini kwa zamu, wakimalizia na yule bibi, aliyeshikwa mkono. Kaburi lilipojaa, msalaba ulisimamishwa upande wa kichwani, na Mwalimu akaushikilia mpaka udongo ulipokazwa. Rangi ilikuwa bado mbichi, na tone moja lilichuruzika kutoka kwenye ile M. Aliliacha. Waliimba wimbo mmoja, wakasema amina, wakaanza kurudi mjini kwa vikundi. Dada alikuwa na funguo za duka mkononi, kwa maana kuna mtu alikuwa ameulizia chumvi. Mwalimu alikifunga kifuniko cha kopo, akaifuta brashi kwa kofia yake, akawafuata kichwa wazi.